Helmeti ya baiskeli inanuka jasho hata baada ya kufutwa: nifanyeje bila kuiharibu?

Mpanda Riat (Kisumu)

Salamu kwenu nyote. Ninaendesha baiskeli kwenda kazini na kurudi, na mwishoni mwa juma huungana na wenzangu kupanda Riat kutoka Mamboleo hadi Kiboswa, au tukafuata barabara ya Busia mpaka Maseno. Wanaoijua Kisumu wataelewa kwamba hapa mtu hulowa kabla hajakifikia kilima, kwa kuwa hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi na jasho halikauki mwilini upesi kama linavyowakaukia watu wa nyanda za juu.

Shida yangu kubwa ni helmeti. Imeanza kutoa uvundo unaomfikia mwenzangu wa meza ya pili ofisini ninapoitundika kwenye kiti. Mikanda ya kidevuni imekakamaa na kuota michirizi myeupe ya chumvi, sponji ya kwenye paji la uso imegeuka nyeusi, na kila ninapoivaa na kuanza kupata joto, harufu ya jana huamka upya. Nimeifuta mara nyingi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ikanukia vizuri kwa muda mfupi, kisha ikarudia hali yake. Glavu nazo zinafanana nayo, na kaptura yenye pedi huchukua muda mrefu mno kukauka msimu wa mvua.

Ushauri niliopewa ni mwingi na unapingana. Mmoja ameniambia niiloweke helmeti nzima usiku kucha katika maji yenye JIK. Fundi mmoja wa pikipiki amesema petroli kidogo kwenye kitambaa itaondoa jasho, mafuta na lami kwa mara moja. Jirani yangu anaapa kwamba helmeti ikitiwa kwenye mfuko na kulazwa ndani ya friza, vijidudu vyote hufa. Mwingine huianika yake juu ya mabati tangu asubuhi hadi jioni na kusema kwamba jua linatosha. Kabla sijajaribu lolote kati ya hayo, naomba kusikia kutoka kwa wenye ujuzi, kwa sababu helmeti yenyewe ilinigharimu fedha nyingi na sina nyingine.

Fundi wa Lanet (Nakuru)

Ndugu wa Riat, umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika chupa ya petroli. Mimi hutengeneza na kuuza baiskeli, na helmeti zilizoharibiwa na usafi nimeziona zaidi ya zile zilizoharibiwa na uchafu.

Hebu kwanza tutazame kitu hiki kimeundwa na nini. Ganda la nje la helmeti nyingi za baiskeli ni plastiki nyembamba iitwayo polikaboneti. Chini yake kuna polistirini iliyofurishwa, yaani ile nyeupe nyepesi ambayo runinga mpya hupakiwa nayo ndani ya boksi, ila ya helmeti imeshindiliwa zaidi. Hiyo polistirini ndiyo inayokiokoa kichwa: ukianguka na kugonga lami, vipovu vyake vidogo hupondeka na kumeza sehemu ya nguvu ya pigo, na kwa kuwa havifuri tena vikishapondeka, helmeti iliyopigwa kwa nguvu hubadilishwa hata kama kwa nje haionyeshi ufa. Sasa, petroli huiyeyusha polistirini. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho yako, chukua kipande cha boksi la runinga, kidondoshee petroli, nawe utakiona kikinywea na kugeuka utomvu. Thina, asetoni na mafuta ya taa visiikaribie helmeti kabisa, na hata dawa za kusafishia vioo zenye amonia huidhuru polikaboneti. Linaloniudhi zaidi ni kwamba madhara mengine hayaonekani: ganda hupata nyufa nyembamba mno, au polistirini hulainika upande uliofunikwa na sponji, na mwenyewe akaendelea kuivaa akidhani ni nzima. Doa la lami lisilotoka kwa sabuni, liache lilivyo. Halina uzito na halinuki.

Kwa nyinyi mnaoishi kando ya ziwa, niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Dawa za kujipaka za kufukuza mbu zenye DEET hula plastiki za aina nyingi, na hudhoofisha pia nyuzi za spandeksi ambazo ndizo zinazoifanya kaptura ibane. Ukijipaka jioni kabla ya kuanza safari ya kurudi nyumbani, nawa viganja kwanza ndipo ushike helmeti, wala usijipulizie dawa hiyo usoni ukiwa umekwisha kuivaa.

JIK nayo itaondoa harufu, sikatai, lakini itakula rangi ya mikanda na kuichosha, na mikanda ndiyo inayoishikilia helmeti kichwani unapoanguka. Friza haina madhara makubwa ila haina faida: bakteria wengi husinzia tu kwenye baridi na kuamka joto linaporudi, huku jasho na mafuta wanayokula yakiwa palepale. Kuhusu mabati, jibu langu ni hapana. Bati la Kisumu saa saba mchana huchoma mkono, na joto la namna hiyo, sawa na lile la ndani ya buti ya gari lililoegeshwa juani, huilegeza polistirini na gundi inayoishikanisha na ganda.

Uvundo wako unakaa kwenye sponji na mikanda, na ndiyo sababu kufuta ganda hakukusaidia. Zibandue sponji zote, ukizipiga picha kwanza kwa simu ili ujue kila moja inarudi wapi. Zitie kwenye beseni la maji vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au shampuu ya watoto. Ziache zilowe kidogo, kisha uzifinyefinye kiganjani bila kuzipindapinda kama nguo, kwa maana ukizinyonga kitambaa chake huachana na sponji. Badilisha maji mpaka yatoke meupe. Ile ya paji la uso isuuze kuliko zote, kwa sababu sabuni iliyobaki ndani yake itayeyuka kwa jasho la safari ijayo na kukuingia machoni ukiwa katikati ya mteremko, na hapo ndipo utakapokumbuka kwamba Riat ina kona.

Mikanda isugue kwa mswaki mkuukuu ikiwa imelowa maji ya sabuni, hasa pale inapogusa mashavu na kidevu. Ukimaliza, ipindue helmeti na uimwagie maji safi ndani. Usiogope, polistirini haidhuriwi na maji. Hakikisha maji yamepita vizuri kwenye gurudumu dogo la nyuma la kukazia, maana chumvi na vumbi vikikutana humo gurudumu hukwama. Wateja wangu wanaopita barabara za vumbi za Elementaita huletewa hasara na gurudumu hilo kuliko sehemu nyingine yoyote. Iwapo helmeti yako ni ya zile zenye MIPS, yaani kitandiko chembamba cha plastiki kinachochezacheza kati ya kichwa na polistirini, usikivute wala usijaribu kukitoa. Pitisha maji nyuma yake tu. Kisha ianike kivulini penye upepo, au mbele ya feni, na usizirudishe sponji kabla hazijakauka hadi ndani.

Muuguzi (Kakamega)

Nimeyasoma maelezo ya Fundi na ninakubaliana nayo, ila ningependa kueleza kwa nini harufu hurudi, kwa sababu anayelielewa hilo hatahitaji kupewa orodha ya dawa.

Jasho linapotoka mwilini karibu halina harufu yoyote. Jasho la kichwani na usoni ni maji, chumvi na vitu vingine kidogo sana, lakini ngozi ya kichwa hutoa pia mafuta, na juu ya hayo wengi wetu tunajipaka mafuta ya nywele na losheni. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi huhamia kwenye sponji, hukuta unyevu na chakula, na mabaki ya mlo wao ndiyo yanayonuka. Kwa hiyo kuna uchafu wa namna mbili. Chumvi huyeyuka kwa maji matupu. Mafuta hayaondoki bila sabuni. Aliyesuuza kwa maji peke yake ameondoa michirizi myeupe na kuacha chakula cha bakteria, ilhali aliyepulizia manukato hakuondoa kitu. Nguo za michezo zina tatizo la ziada kwamba nyingi ni poliesta, na poliesta hushikilia mafuta ya mwili kuliko pamba, ndiyo maana jezi inayoonekana safi kabatini huanza kunuka mara tu inapopata joto la mgongo.

Jezi, glavu na kaptura zifuliwe siku ileile, zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi au vuguvugu. Maji ya moto huichosha spandeksi, na klorini huiua kabisa. Laini ya nguo, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo zinukie, isitumike hata kidogo kwenye nguo hizi, kwa kuwa huacha utando juu ya nyuzi, na nguo iliyoundwa kunyonya jasho na kulitoa nje ikaacha kufanya kazi hiyo. Wengi wetu pia humimina sabuni ya unga kupita kiasi tukidhani povu jingi ndilo usafi. Sabuni isiyosuuzwa huwasha ngozi inapochanganyika na jasho. Kama uvundo umekwisha kuzoea nguo, iloweke kwa nusu saa katika maji yenye siki nyeupe kidogo, uisuuze, kisha uifue kwa sabuni. Naomba hapa nisisitize: siki na JIK visikutane katika beseni moja kwa hali yoyote, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo hudhuru mapafu.

Kaptura yenye pedi isivaliwe mara mbili bila kufuliwa, hata kama safari ya kwanza ilikuwa fupi. Msuguano wa kiti, unyevu na bakteria vikikaa pamoja huleta vipele na majipu sehemu ambayo mgonjwa huona haya kuionyesha, naye huchelewa kuja kliniki. Vilevile msikae na kaptura hiyo mkinywa chai baada ya safari, ivueni mnapofika. Kuhusu kuikausha wakati wa mvua, ikamueni kwa kuifinya, muilaze juu ya taulo kavu, mviringishe vyote pamoja na kuvikandamiza kwa magoti. Taulo litanyonya maji mengi, na iliyobaki itamalizwa na feni au upepo wa dirishani, pedi ikitazama nje.

Mwalimu wa Njoro

Kwa heshima zote kwa Fundi, naona amelihukumu jua kwa ukali kupita kiasi. Ni kweli kwamba helmeti yenyewe haifai kuanikwa juani, lakini sponji, glavu na kaptura zikikosa jua huku kwetu zitavunda. Njoro ina baridi, na jioni nguo nene ikianikwa ndani ya nyumba asubuhi utaikuta bado mbichi. Mimi huzianika sponji kwenye kamba saa nne asubuhi, na kufikia saa sita zimekauka na harufu imepungua kuliko zinapokaushwa kivulini. Miale ya jua huua sehemu ya vijidudu, na kukauka haraka huwanyima waliobaki unyevu wanaouhitaji.

Jambo la pili ni maji. Wapo wanaonunua maji kwa mtungi, na kuwaambia wabadilishe beseni mpaka maji yatoke meupe baada ya kila safari ni kuwaagiza waache kuosha kabisa. Ninavyofanya mimi ni kwamba nikifika tu nyumbani, kabla jasho halijakauka, ninaimwagia helmeti kikombe cha maji safi kwenye sponji na mikanda, ninaifinya, kisha ninaitundika. Chumvi huondoka ikiwa bado imeyeyuka, na mikanda haikakamai. Sabuni nayo huja mwishoni mwa juma, safari moja baada ya nyingine ikiwa imekwisha. Pengine kwa joto la Kisumu hilo halitoshi na sabuni itahitajika mapema zaidi, lakini ile suuzo ya papo hapo ndiyo inayofanya kazi kubwa, na haigharimu kitu.

Kikombe hichohicho kikibakisha maji, yamwagieni usukani na skrubu zinazoushikilia. Jasho la paji la uso hudondokea hapo kwa saa nzima mtu anapopanda kuelekea Mau Narok, na chumvi hula chuma.

Boda wa Busia

Mimi si mwendesha baiskeli wa mazoezi. Ninabeba abiria kwa pikipiki, lakini mada hii inanihusu kwa sababu helmeti yangu ya pili huvaliwa na vichwa vya kila namna kutoka alfajiri hadi usiku. Sheria inamtaka abiria avae helmeti, na abiria wengi, hasa akina mama waliosukwa nywele juzi, huikataa kwa sababu ya harufu na hofu ya kuambukizwa choa. Siwalaumu.

Helmeti nyingi za bei nafuu zina kitambaa cha ndani kilichogundishwa, kwa hiyo ile njia ya kubandua sponji haiwezekani. Nilichoona kinafaa ni kuwa na kofia nyepesi za pamba, zile za kushonwa na fundi wa nguo kwa kitambaa chochote safi, ambazo abiria huvaa kwanza kisha helmeti ikaja juu. Kila aliyeshuka, kofia yake huingia kwenye mfuko wa zile chafu, na jioni zote hufuliwa pamoja. Kwa kuwa ni za pamba, hizo zinaweza kuchemshwa bila wasiwasi. Helmeti yenyewe huisugua kwa ndani kwa mswaki na maji ya sabuni Jumapili asubuhi, nikaisuuza na kuitundika chini ya mwembe mpaka kesho yake, kwa maana nikiipangusa tu na kurudi stendi, unyevu unaobaki nyuma ya kitambaa hugeuka kuvu.

Muuguzi, naomba kuuliza: choa inaambukiza kweli kwa njia hii, au ni maneno ya abiria?

Muuguzi (Kakamega)

Ndiyo, inaweza. Choa ya kichwani huletwa na kuvu, na huwapata zaidi watoto kuliko watu wazima. Inaambukizwa kwa kugusana na vilevile kwa kutumia pamoja kofia, chanuo au taulo, na helmeti ni kofia. Chawa nao huhama kwa njia hiyohiyo. Mpango wako wa kofia za pamba ni mzuri sana, mradi mtoto asipewe kofia iliyovuliwa na mwingine kwa sababu tu zile safi zimekwisha. Mba wa kawaida, kwa upande wake, hauambukizi, kwa hiyo abiria mwenye mba asionewe.

Mwalimu amesema kweli kuhusu jua kwa sponji na glavu. Kwa kaptura, lakini, ningependelea jua la asubuhi kuliko la mchana kutwa, kwa ajili ya spandeksi.

Mpanda Riat (Kisumu)

Nawashukuru sana. Nimezibandua sponji na kuziosha kama Fundi alivyoelekeza, na maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Harufu ya mikanda imekwisha. Hata hivyo, ile sponji ya paji la uso imeachana: kitambaa kimebaki upande mmoja na sponji yenyewe inamomonyoka vipande vidogo vinavyonata mkononi. Duka nililonunua halina sponji za akiba. Je, ninaweza kukata kipande cha sponji ya godoro na kukishonea kitambaa, au nitafute helmeti nyingine ya mitumba Kibuye na kuchukua sponji zake?

Fundi wa Lanet (Nakuru)

Sponji ikianza kumomonyoka na kunata imefika mwisho, hakuna sabuni itakayoirudisha. Habari njema ni kwamba sponji hizi kazi yake kubwa ni kuifanya helmeti ikae sawasawa na kunyonya jasho. Kinga ya pigo iko kwenye polistirini. Kwa hiyo unaweza kuzibadilisha bila kupunguza usalama, ilimradi uzingatie unene. Pima ile ya zamani pahali ambapo haijabonyea, na mpya isiizidi. Sponji nene huinua helmeti juu ya kichwa, ikaanza kuyumba, na mtu akalazimika kulegeza gurudumu la nyuma ili iingie. Hapo ndipo usalama unapopungua kweli.

Sponji ya godoro sikushauri, kwa sababu hunywa maji mengi na haikauki upesi, nawe unakaa Kisumu. Maduka ya baiskeli huuza seti za sponji za kukatwa kwa umbo lolote, zenye velkro tayari, na wengi hukubali kuzituma kwa basi. Ukizipata, zikate kwa kufuata umbo la zile za zamani, uzibandike kwenye velkro ileile iliyomo ndani ya helmeti. Velkro ya helmeti ikiwa imebanduka, usiirudishe kwa gundi yoyote ile ya dukani, kwa kuwa gundi nyingi zina viyeyushi vinavyokula polistirini kama petroli. Tumia velkro yenye gundi yake nyuma.

Na Kibuye, ukienda, chukua sponji ukipenda, uzifue vizuri kwanza. Helmeti yenyewe iache hapohapo, maana huwezi kujua imewahi kugonga wapi.